Kununua trela dogo la mifugo: anza na mnyama, malizia chini ya sakafu

Trela la kwanza nililonunua lilikuwa limepakwa rangi mpya, taa zote zinawaka, milango inafunga vizuri. Nilizunguka mara mbili, nikapiga teke tairi moja, nikalipa. Safari ya tatu nilikuwa na kondoo sita. Nikasikia kishindo, kisha mlio ambao kondoo hautoi bure. Nilipofungua mlango, jike mmoja alikuwa ameanguka upande, mguu wa nyuma umezama sakafuni hadi gotini. Nikainama kuchungulia chini, nikaiona kwato yake ikining'inia, imebaki kama upana wa kiganja kuigusa lami. Ubao ulikuwa umeoza kwa chini, na juu umefunikwa na mkeka wa mpira uliokuwa mzuri kabisa.

Tulikata ubao kwa msumeno tukamtoa. Mfupa haukuvunjika, ila ngozi ilichunika vibaya na alichechemea kwa wiki kadhaa. Aliyeniuzia huenda naye hakujua. Lakini mimi ningejua, laiti ningelala chini ya trela lile kwa dakika tano kabla ya kutoa pesa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta trela dogo la kubebea kondoo, mbuzi au nguruwe wachache, ndama wawili watatu, au ng'ombe mmoja, likivutwa na gari la kawaida au pikapu. Hatua zimefuatana kama ninavyozifuata mwenyewe siku hizi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya wanyama kabla ya kutazama trela lolote

Kuna hesabu mbili, na zote mbili lazima zikubali: uzito, na nafasi ya kusimama. Wengi hupiga moja tu, wakaona mambo yamekaa sawa.

Tuanze na uzito. Kwenye chasisi kuna kibao cha chuma kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani trela pamoja na kila kilichomo. Uzito wa trela tupu utaukuta hapohapo au kwenye hati za usajili. Toa uzito mtupu kwenye uzito wa juu. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba. Trela lenye uzito wa juu wa kilo 1,300 na uzito mtupu wa kilo 450 linabeba kilo 850, basi. Matandiko, maji na vizuizi vya ziada unavyofunga mwenyewe vyote vinakula humo humo.

Sasa nafasi. Hata kama unaishi mahali ambapo haikuhusu, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1 ya mwaka 2005 kuhusu usafirishaji wa wanyama ina vipimo vizuri vya kuanzia. Ndama wa kilo 200 anahitaji mita za mraba 0.70 hadi 0.95. Ng'ombe wa kilo 325 anahitaji 0.95 hadi 1.30, na wa kilo 550 anahitaji 1.30 hadi 1.60. Kondoo aliyenyolewa anayezidi kilo 55 anahitaji zaidi ya 0.30, mwenye manyoya mengi au mwenye mimba mwongezee. Mbuzi wa kilo 35 hadi 55 anahitaji 0.30 hadi 0.40. Kwa nguruwe wanaokaribia kilo 100, usipite kilo 235 kwa kila mita ya mraba.

Chukua trela lile lile la kilo 850, lenye sakafu ya mita 2.4 kwa 1.2. Hiyo ni mita za mraba 2.88. Kondoo wa kilo 70, ukimpa kila mmoja 0.35, wataingia wanane; uzito wao ni kilo 560. Hapo nafasi imekwisha wakati uzito bado upo. Ng'ombe wawili wa kilo 550, kwa upande wa nafasi, wanatosha, kila mmoja ana 1.44. Lakini uzito wao ni kilo 1,100, umezidi kwa kilo 250. Trela litawapokea, mlango utafunga, na utaondoka ukidhani uko salama. Ndiyo maana nasema hesabu zote mbili.

Mpimie mnyama mkubwa kuliko wote utakaowahi kumpakia, maana mtamba wa leo ni ng'ombe wa mwakani. Na kipimo cha dari usikisahau: mnyama asimame kichwa kikiwa pale anapokiweka kwa kawaida, na juu yake kubaki nafasi ya hewa kupita.

Hatua ya 2: Uliza gari lako

Fungua kitabu cha gari au soma kibao chake. Unatafuta namba nne: uzito wa trela lenye breki ambalo gari linaruhusiwa kuvuta, uzito wa trela lisilo na breki, uzito wa gari na trela kwa pamoja, na uzito unaoruhusiwa kukandamiza tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari. Namba inayofikiwa kwanza ndiyo inayokuongoza, hata zile nyingine zikiwa kubwa kiasi gani. Mimi sipendi kuitumia yote. Gari linalovuta mwisho wa uwezo wake kwenye tambarare litakuaibisha mlimani, na wanyama ndio watakaokaa juani ukisubiri injini ipoe.

Angalia pia leseni na bima yako zinasemaje. Katika nchi nyingi kilo 750 za uzito wa juu ndio mpaka: juu ya hapo trela lazima liwe na breki zake lenyewe, na huenda leseni ya daraja jingine ikahitajika.

Kisha tufe. Matufe yanafanana kwa macho, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuna la milimita 50, kuna la inchi 2 ambalo ni milimita 50.8, na kuna la inchi moja na saba ya nane ambalo ni kama milimita 47.6. Kichwa cha trela, yaani kile kikombe kinacholifunika tufe, kikiwa cha inchi 2 ukakiweka juu ya tufe la inchi moja na saba ya nane kitakaa, kitafunga, na barabara ikiwa mbovu kitachomoka. Kipimo kimegongwa juu ya tufe na juu ya kichwa. Visipolingana, badilisha kimoja. Plagi ya taa nayo ni ya pini 7 au pini 13, lakini hiyo ina adapta, isikuumize kichwa.

Hatua ya 3: Ekseli moja au mbili, na breki za aina gani

Ekseli moja ni nyepesi, unaweza kulisukuma trela kwa mikono uani, na una matairi mawili tu ya kununua. Ekseli mbili hutulia zaidi barabarani, na tairi likipasuka ukiwa na mzigo bado una la kukushikilia wakati unapunguza mwendo. Kwa mbuzi na kondoo, ekseli moja inatosha. Ukishafikiria ng'ombe mzima, chukua mbili. Mnyama mmoja wa nusu tani akihamisha mguu, ekseli moja inamsikia yote.

Breki za trela dogo mara nyingi ni za msukumo: gari likipunguza mwendo, trela linalisukuma kwa mbele, na msukumo huo huvuta waya za breki. Hazihitaji kitu chochote ndani ya gari. Za umeme zinahitaji kidhibiti karibu na dereva, ila unaweza kuzirekebisha kulingana na mzigo. Zote ni nzuri zikitunzwa. Kitu nisichokubali ni trela lisilo na waya wa dharura, ule unaofunga breki zake lenyewe likikatika kwenye gari. Kwa lisilo na breki kabisa, minyororo miwili iliyopishana chini ya shingo, yaani ule mkono wa mbele unaoliunganisha trela na gari, ili iidake isichimbe ardhi.

Hatua ya 4: Sakafu

Hapa usiwe na haraka. Kama una nusu saa tu ya kukagua trela, dakika ishirini zipe sakafu.

Mkojo wa mifugo una chumvi, na chumvi haipumziki. Unapita kwenye maungio, unakaa chini ya mkeka, unafanya kazi usiku na mchana hata trela likiwa limeegeshwa. Sakafu ya mbao huoza kuanzia ncha za ubao, pale unapokutana na chuma, na kwenye matundu ya boliti. Plaiwudi huanza kufumuka tabaka ukingoni. Sakafu ya alumini haipati kutu kama chuma, kwa hiyo watu huiamini kupita kiasi. Alumini ikilalia moja kwa moja kwenye mitambaapanya ya chuma, vile vyuma vya kukingama vinavyobeba sakafu, mkojo ukiingia katikati, metali hizo mbili huanza kulana: utaona unga mweupe, kisha vishimo vidogo, kisha tundu. Kwa hiyo alumini iwe na kitu cha kuitenganisha na chuma, na chuma chenyewe kiwe kimechovywa kwenye zinki moto, siyo kupakwa rangi tu.

Omba mkeka utolewe. Wote, siyo pembe moja. Muuzaji akisema umegundishwa hautoki, basi ukaguzi wako utategemea upande wa chini peke yake, na bei nayo izingatie hilo. Mkeka ukishatoka, piga sakafu kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, kama mtu anayegonga mlango. Ubao mzima unalia mkavu. Uliooza unalia kama umepiga gunia. Kisha shuka chini na tochi. Chomeka ncha ya bisibisi kwenye kila ubao karibu na ukingo. Isiingie zaidi ya mchubuko. Ikizama kirahisi, sakafu hiyo imekwisha, haijalishi juu inaonekanaje.

Ukiwa bado umelala pale, gonga mitambaapanya ya chuma kwa nyundo ndogo. Kutu ya juu juu ni ya kawaida. Kutu inayobanduka kama maganda ya kitunguu siyo. Angalia kwa makini pembe za mbele na jirani na tundu la kutolea maji, maana trela likiegeshwa shingo ikiwa chini maji machafu hukimbilia mbele, likiegeshwa shingo ikiwa juu hukimbilia nyuma, na huko ndiko uozo huanzia. Rangi mpya upande wa chini inanipa shaka kuliko kutu. Nani anapaka rangi mahali pasipoonekana, kama hakuna anachoficha? Ikwangue kidogo kwenye maungio yaliyochomelewa uone kama kuna ufa.

Sakafu ya kubadilisha siyo mwisho wa dunia. Nimenunua trela lenye sakafu mbovu kwa kujua, chasisi yake ikiwa nzima, nikaweka mbao ngumu mpya. Kununua sakafu mbovu bila kujua ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwisho wa sakafu ni utelezi. Mwaga ndoo ya maji, tembea juu yake na viatu vya soli laini, geuka ghafla. Mguu wako ukitereza, kwato itatereza zaidi. Mnyama aliyeteleza mara moja ndani ya trela atakumbuka. Safari ijayo atagoma mlangoni, na utamwita mkaidi.

Hatua ya 5: Ingia ndani kama mnyama

Mlango wa nyuma unaoshuka na kuwa daraja la kupandia ndio wanaokutana nao kwanza. Pima mwinuko wake. Kanuni ile ile ya Ulaya inaweka kikomo cha nyuzi 20 kwa nguruwe, ndama na farasi, na nyuzi 26 na nusu hivi kwa kondoo na ng'ombe wakubwa. Kama sakafu iko sentimita 40 juu ya ardhi, daraja la kondoo lisipungue sentimita 90, la nguruwe au ndama lisipungue sentimita 117. Nguruwe mwinuko mkali haupendi hata kidogo. Daraja liwe na vipandio vya kuzuia kwato kuteleza, na liwe na mageti ya pembeni ya kumwongoza mnyama asiruke nje. Likiwa chini, chungulia lile pengo kati yake na sakafu. Kidole kikiingia sawa. Ngumi ikiingia, mguu wa mwanakondoo utaingia.

Jaribu kulinyanyua peke yako. Utalinyanyua hivyo hivyo kwenye mvua, mikono ina matope, na mbuzi wawili wanataka kurudi nje.

Kisha ingia, chutama hadi macho yako yawe kwenye kimo cha kondoo, na utazame mbele. Unaona nini? Kama ni giza tupu, mnyama naye anaona shimo. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo wa Marekani, amefanya kazi miaka mingi akionyesha jinsi vitu vidogo kama kivuli, mng'ao au mnyororo unaoning'inia unavyomsimamisha ng'ombe, na kwamba wanyama hukubali zaidi kuelekea penye mwanga kuliko gizani. Trela lenye dirisha au mlango mdogo mbele hupakiwa kwa nusu ya kelele. Mwanga usiwachome machoni tu.

Hewa iingie pande zote mbili, na matundu yawe pia kwenye kimo cha vichwa vyao, siyo chini ya paa pekee. Matundu yanayofungika ni bora, maana baridi ya alfajiri na joto la mchana huwapata wanyama wale wale. Jihadhari na nafasi ambazo kichwa cha mbuzi kinapita na pembe hazirudi.

Chukua kitambaa chakavu, kipitishe ukutani, kwenye mageti, kwenye bawaba, kuanzia kimo cha goti hadi bega. Kila kinaponasa, ndipo ngozi itakapochanika.

Kizuizi cha ndani usikione kama anasa. Wanyama watatu kwenye trela la wanane hurushwa huku na huku kila kona, na mzigo unaohama wote pamoja unaweza kulitikisa gari. Kizuizi huwabana kiasi cha kuegemeana bila kusongamana, na hukuruhusu kumtenga mwenye pembe na asiye nazo.

Hatua ya 6: Magurudumu, shingo na taa

Matairi ya trela huzeeka kabla ya kuisha. Tafuta ubavuni tarakimu nne zilizofungiwa kwenye kiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nyufa nyembamba kwenye ubavu zina uzito kuliko kina cha meno. Soma pia namba ya uwezo wa mzigo: 84 ni kilo 500 kwa tairi, 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800. Jumla ya matairi yote ifikie uzito wa juu wa trela, na ibaki akiba. Tairi la spea lisipokuwepo, dai upunguziwe bei.

Inua kila gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Lizungushe ukisikiliza, mkwaruzo kama wa mchanga ni beringi za kubadilisha. Hizo ni bei nafuu, ila zikishika moto njiani gurudumu linaweza kuondoka.

Kwa breki za msukumo, vuta breki ya mkono ya trela kisha jaribu kukisukuma kichwa kuelekea nyuma. Kiende polepole kwa ukinzani na kirudi chenyewe. Kikiingia kwa mshindo, kifyonza mshtuko kimekufa. Unganisha plagi, washa taa zote, na mwombe mtu akanyage breki wewe ukiwa nyuma.

Hatua ya 7: Hati na bei

Namba iliyogongwa kwenye chasisi ilingane na iliyo kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu, na jina kwenye hati liwe la mtu unayemlipa. Chasisi ikiwa imesagwa pale namba inapokaa, ondoka. Kwa bei, orodhesha kila ulichokikuta, ulizia gharama ya fundi kwa kila kimoja, kisha zungumza na muuzaji ukiwa na orodha mkononi. Ukiweza, chagua chasisi nzima yenye rangi mbaya kuliko kinyume chake.

Hatua ya 8: Livute kabla ya kulipa, kisha anza polepole

Liunganishe na gari lako mwenyewe, kwenye ardhi tambarare, ulitazame kwa ubavu. Likae sawa. Shingo ikiinuka, mzigo unalala nyuma, na trela lenye nyuma nzito ndilo linaloyumba kama mkia. Uzito unaokandamiza tufe kwa kawaida huwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa trela na mzigo. Marekani hupendekezwa asilimia 10 hadi 15. Trela lenye mzigo likiwa na kilo 1,000, mizani ya bafuni chini ya shingo, na kipande cha ubao kikisimama katikati, vitakuonyesha kama uko kwenye kilo 50 hadi 100.

Likiyumba ukiwa barabarani, ondoa mguu taratibu kwenye mafuta, shika usukani uwe sawa, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kulikimbia.

Safari ya kwanza iwe fupi, na wanyama wachache. Baada ya kilomita 10 hivi simama, weka mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Likikuchoma wakati mengine hayana joto, beringi au breki inashika. Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 50 hivi, kisha tena ukifika. Wanyama wakishashuka, kwangua samadi yote, osha kwa sabuni, na ndipo umwage dawa ya kuua vijidudu, maana dawa ikikutana na samadi hupoteza nguvu, na ugonjwa wa miguu na midomo husafiri kwenye trela chafu. Nyanyua mkeka, uuegemeze ukutani, uache sakafu ikauke.